Naomba ushauri: tanga na vifaa vya mitumba kwa mashua ndogo, niko Mwanza

Mkazi_wa_Luchelele
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninayo mashua ndogo ya tanga, ya faiba, yenye urefu wa futi 21, ambayo naiegesha Luchelele, na kiangazi nakusudia kwenda nayo Ukerewe na kulala humo siku mbili tatu bila kutegemea injini. Tanga kuu limeoza, nyaya zinazoshikilia mlingoti zina kutu, na roda (kapi za kamba) zimekwama. Nikiulizia vipya naambiwa viagizwe ng'ambo kwa bei inayokaribia ile niliyonunulia mashua yenyewe. Je, vya mitumba vinapatikana wapi kwa bei nafuu, na vinakaguliwaje? Naomba majibu mapema, kwa kuwa kuna tanga la mtumba nimelipata Dar, na wiki hii natakiwa kutoa uamuzi.

Babu_wa_Nansio
Mjukuu wangu, baba yangu alishona tanga kwa viroba vya sukari, akalitweka kwenye mti wa mkaratusi, likamfikisha Mwaloni pale Kirumba na samaki wake wakiwa bado wabichi. Nunua turubai, kisha mtafute fundi wa viti vya magari mwenye cherehani nzito. Hayo mengine ni kutafuta makuu.

Mama_Sengerema
Mimi nauliza kwanza: una jaketi okozi ngapi? Sisi tuliokuwa huku mwaka 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Vingine vyote nunua mitumba, lakini jaketi nunua jipya, maana sponji iliyochoka haionekani kwa nje. Mume wangu aliwahi kuleta moja la mnadani, tukalijaribu kwenye pipa la maji, likazama taratibu huku tukilitazama, naye hadi leo anasema pipa ndilo lilikuwa na kasoro.

Fundi_Matanga
Nijibu kilichoulizwa. Vifaa hivi viko pwani: Dar es Salaam na mjini Tanga, na kwa jirani zetu Kilifi na Mtwapa, ambako wenye mashua za safari ndefu hubadilisha matanga na kuyauza yale ya zamani. Tanga likague kwenye mishono. Uzi ukiukwaruza kwa ukucha ukakatika, jua limekwisha kuula, hata kama kitambaa ni kizima. Waya upitishie pamba kutoka juu hadi chini, na popote pamba itakaponasa, uzi mmoja umekatika, kwa hiyo waya huo usiununue. Sasa nawe nijibu: mlingoti wako una urefu gani, na hilo tanga ulilolipata lina vipimo gani?

Mkazi_wa_Luchelele
Nashukuru sana, fundi. Vipimo nitavileta. Je, tanga likikunjwa vizuri linaweza kusafirishwa kwa basi kutoka Dar?

Fundi_Matanga
Basi tuliache kwanza. Vipimo, ndugu yangu.

Mkazi_wa_Luchelele
Tanga ni la mashua ya futi 30. Upande wake unaoshikana na mlingoti ni mita 10, na mlingoti wangu hauruhusu zaidi ya mita 7 na nusu. Nimekwisha kutoa arubuni ya nusu ya bei. Kabla hamjanisema, naomba mzingatie kwamba kitambaa chake ni kizito na kizima, na kwamba mtu akinunua koti kubwa mtumbani hulipeleka kwa fundi likapunguzwa, wala hakuna anayemshangaa.

Fundi_Matanga
Koti halina tumbo lililoshonwa ili lishike upepo. Tanga ukilikata chini, unaondoa pembe zilizoimarishwa na kuliharibu umbo, na kuzijenga upya pembe hizo ndiko kwenye gharama. Usipolikata, tanga la futi 30 juu ya mashua ya futi 21, kwa dhoruba za ghafla za ziwa lenu, ni kuiomba mashua ilale.

Jirani_wa_Capri
Samahanini, mimi uzi huu siuamini. Ziwa letu ni la maji baridi. Hiyo kutu ya nyaya imetoka wapi? Naona huyu ndiye mwenye tanga, anatafuta mnunuzi kwa kujifanya mnunuzi.

Mama_Sengerema
Hata mimi ile haraka ya wiki hii ilinitia shaka.

Mkazi_wa_Luchelele
Mashua ililetwa kwa lori kutoka pwani. Chumvi ilikwisha kuingia kati ya nyuzi za waya na ndani ya viungio, mahali ambapo maji ya ziwa hayaisuuzi.

Jirani_wa_Capri
Basi tuambie, mlingoti wako una mfereji au reli ya kupandishia tanga?

Mkazi_wa_Luchelele
Una mfereji mwembamba. Tanga la Dar lina vishikizo vya reli, lakini muuzaji amesema vinabadilishwa.

Fundi_Matanga
Mtu anayetunga angejitungia habari njema kuliko hiyo. Mwombe muuzaji arubuni yako aihamishie kwenye roda, kamba na nanga, kwa kuwa vifaa hivyo vikiwa vikubwa kidogo havikudhuru, kisha utafute tanga la mashua inayolingana na yako, ukiwa na vipimo mkononi kabla ya kufungua pochi.

Mkazi_wa_Luchelele
Nitamwomba. Ila kitambaa kile, fundi, laiti ungekigusa.

Jirani_wa_Capri
Kama muuzaji huyo ana roda za ziada, naomba nitumiwe namba yake faraghani.