Naomba ushauri: IP ya ruta yangu haifanani na inayoonekana nje

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwa wanaoelewa mambo ya mtandao.

Nyumbani natumia faiba. Ndani hakuna shida: ruta inagawa anwani za mtandao (IP) yenyewe kwa DHCP, na kompyuta yangu nimeipangia 192.168.1.20 isibadilike. Ndiyo inayotunza video za kamera za getini, na nataka kuziangalia nikiwa kazini.

Nimefungua poti (njia ya kuingilia kutoka nje) kwenye ruta, nikazima kwa muda hata ulinzi wa Windows, bado kutoka nje haifikiki. Kisha nikagundua kwamba upande wa intaneti ruta imepewa anwani inayoanza na 100.72, wakati tovuti za kuangalia IP zinaonyesha nyingine kabisa. Nimesoma kuwa 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa matumizi ya ndani ya watoa huduma, ili wateja wengi wachangie anwani moja ya nje, maana anwani za IPv4 (mfumo wa zamani) zimeadimika. Kama ndivyo, mimi nafungua mlango wa chumba huku funguo za geti anazo mwenye nyumba! Huduma kwa wateja wa kampuni ya intaneti wananiambia tu nizime ruta niwashe.

Ruta inaonyesha pia anwani ya IPv6 (mfumo mpya). Je, hiyo inatosha ikiwa mtandao wa kazini ni wa IPv4 pekee, au niombe kulipia IP ya umma? Na aliyewahi kupitisha video kwa WireGuard (programu ya VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti) kwenye seva ya kukodi, haikwamikwami?