Mama yuko mahututi kwa sababu ya vijiwe vya nyongo: mbona hapasuliwi?

Binti wa Umoja
Hamjambo. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 58, alishikwa usiku na maumivu makali ya tumbo yaliyopenya hadi mgongoni, akatapika mpaka alfajiri. Hospitali moja hapa Nairobi imetueleza kwamba kijiwe kilitoka kwenye mfuko wa nyongo kikaziba mfereji, na kongosho limevimba vibaya. Leo ni siku ya nne. Figo zimelegea na anapumua kwa oksijeni. Ndugu zangu wanataka tumhamishe ili apasuliwe upesi. Je, kungoja huku ni uzembe?

Muuguzi wa wagonjwa mahututi
Pole sana, dada. Si uzembe. Mara nyingi kijiwe huwa kimeshapita chenyewe, lakini moto kilichouwasha katika kongosho huendelea, na kisu hakiuzimi. Kiungo kama figo kikishindwa kwa zaidi ya saa 48, kinachomsaidia mgonjwa ni oksijeni, dawa za maumivu na maji ya mshipani yanayopimwa kila mara, kwa maana utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kumjaza maji kwa kasi humlemea bila kumfaidi. Ulizeni pia kama analishwa. Zamani tuliwafungisha wagonjwa hawa siku nyingi; sasa twajua kwamba chakula kikipita tumboni, hata kwa mpira wa puani, hupunguza maambukizi.

Binti wa Umoja
Asante sana. Hajapewa antibiotiki, na mjomba amekasirika mno.

Daktari wa upasuaji
Mjomba ana haki ya kuuliza, ila antibiotiki hutolewa panapokuwa na maambukizi, si kwa kinga. Hata nyama ya kongosho ikifa, tunajitahidi kusubiri wiki 4 hivi ijitenge na nyama hai, kisha tunaanza kwa kuweka mrija wa kutoa usaha kabla ya kufikiria kupasua. Mfuko wa nyongo utatolewa uvimbe na majimaji yakishapungua. Msikubali aruhusiwe kwenda nyumbani bila tarehe ya kliniki. Jambo moja tu halingoji: homa ya kutetemeka pamoja na macho kuwa manjano, kwani hapo mfereji huzibuliwa kwa mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, ndani ya saa 24.

Binti wa Umoja
Jana macho yake yalikuwa na umanjano, na usiku alitetemeka. Nitamwambia daktari jioni.

Muuguzi wa wagonjwa mahututi
Usingoje jioni, dada. Mwambie muuguzi wa zamu sasa hivi.