Wakuu, nani anajua barabara ya vumbi ya Dodoma–Kondoa–Babati ilipita wapi hasa? Ushauri wa haraka

Nauli Kamili (mleta mada)
Habari za muda huu wakuu. Naenda kwenye mada moja kwa moja. Naomba anayeijua vizuri Great North Road kipande cha Dodoma mpaka Babati, ile ya vumbi kabla ya lami, aniambie pale Kolo ilikuwa inapita wapi. Ilipita palepale ilipo lami saivi au walihamisha? Na kama walihamisha, walisogeza upande gani? Mwenye picha za zamani au mzee yeyote nyumbani kwake anayekumbuka naomba sana, kuna jambo natakiwa niamue kabla ya wikiendi. Matusi hapana.

Chapa Lapa
Nimekaa siti ya dirishani, gari likianza mniamshe.

Konda Mstaafu
Umenikumbusha mbali kijana. Ile njia mimi nimeila ujana wangu wote. Kiangazi unafika Kondoa abiria wote wamefanana, nywele nyekundu kope nyekundu, mama kashuka na mtoto anaulizwa huyu wa kwako au umekosea. Masika ndo usiseme, korongo likishuka mnalala hapohapo, kuku wa abiria mnawachinja kwa makubaliano, asubuhi wanaume wote chini kusukuma. Watu wa Dodoma wenye haraka ya Arusha walikuwa radhi wazunguke Morogoro, Chalinze, Korogwe, Moshi, nusu nchi nzima, kuliko kukatisha Kondoa. Leo kijana anapita pale na kagari kadogo anasinzia. Lami ni kitu kikubwa.

Nauli Kamili
Asante mzee wangu ila swali langu ni ilipita wapi, Kolo.

Konda Mstaafu
Ilipita Kolo.

Mwalimu wa Zamu
Mada nzuri, tuiheshimu. Hii njia ni ya zamani kuliko Waingereza wenyewe. Mwezi wa nne 1916 jeshi la Afrika Kusini chini ya Van Deventer lilishuka na farasi kutoka Arusha mpaka Kondoa Irangi, mvua na ndorobo zikamaliza farasi njiani. Mwezi wa tano Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaja na jeshi lake kuwatoa Kondoa akashindwa. Baadaye Mwingereza akaifanya sehemu ya njia yake kuu ya Cape mpaka Cairo: Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha, unatoka Namanga kwenda Nairobi. Sasa jiulize kwa nini njia kuu ya bara zima ikabaki vumbi. Jibu ni Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa kule, alipojitangazia uhuru wake 1965 Zambia ikakosa njia ya kusini, mzigo wake ukahamia bandari ya Dar, lami ikafuata mzigo kupitia Morogoro na Mikumi. Arusha nayo ikaunganishwa na Dar kwa kule Chalinze. Kipande cha katikati, Iringa–Dodoma–Babati, kikakosa mtu wa kukililia. Mpaka ikaja mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Wajapani wa JICA, na kilomita 251 za Dodoma–Babati zikafunguliwa na Rais Magufuli mwezi wa nne 2018, wiki ileile Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji.

Kichwa Ngumu
Mwalimu, na ile kwamba mnara wa saa pale Arusha ndo katikati ya Cape na Cairo ni kweli?

Mwalimu wa Zamu
Watu wa Arusha ndo wanavyosema. Ukishika kamba ya kupimia mwenyewe utuletee majibu.

Bi Mkubwa wa Makole
Mwanangu mleta mada, mtu hakosi usingizi kwa sababu ya barabara ya vumbi iliyokufa. Unaamua jambo gani? Sema, humu hatujuani.

Nauli Kamili
Shikamoo mama. Ni kwamba kuna kaeneo nataka kununua pembeni ya lami, kana nyumba ya matofali ya kuchoma na banda mbele, nifungue hoteli ya chakula na vyumba vichache vya kulala. Kolo kuna michoro ya miambani, UNESCO waliiweka kwenye orodha yao 2006, watalii wanapita. Nilienda kuona, nilipanda basi asubuhi Dodoma nikashuka hapo, nikazunguka na mwenye eneo, jioni nikasogea mbele Kondoa mjini nikalala. Eneo zuri, malori yanasimama yenyewe. Ndo maana nataka kujua historia ya barabara.

Sevea Msaidizi
Mkuu mimi nilishika staff ya sevea, ile fimbo ya kupimia, kwenye huu mradi enzi hizo. Anayenunua hoteli huwa anauliza maji, umeme, choo. Wewe unauliza barabara ilisogezwa upande gani. Hiyo nyumba ina alama?

Nauli Kamili
Alama gani mkuu?

Sevea Msaidizi
Usinichezee.

Nauli Kamili
Okey kuna X lakini imefifia sana, na mwenyewe kashapaka chokaa juu.

Sevea Msaidizi
Chini ya chokaa ni rangi gani?

Nauli Kamili
Kama nyekundu nyekundu hivi. Inaweza ikawa kijani iliyopigwa na jua.

Chapa Lapa
Kijani ikipigwa na jua inakuwa nyekundu 😂😂 niamsheni dereva, gari limeshaondoka.

Sevea Msaidizi
Sasa nisikilize, na wengine mnaonunua viwanja vya barabarani msikie. Zamani hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, ilikuwa mita 22.5 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaja kuongeza, sasa ni mita 30 kila upande. Aliyekuwa halali nje ya 22.5 akajikuta ndani ya 30, huyo barabara imemfuata, anapigwa X ya kijani, ana haki ya fidia akitakiwa kupisha. Aliyekuwa ndani ya 22.5 tangu mwanzo huyo ndo kaifuata barabara, anapigwa nyekundu, anatakiwa kuondoka na hapewi hata mia. Kwa hiyo swali lako la historia nimelielewa vizuri sana. Unataka tukusaidie kuthibitisha kwamba barabara ya vumbi ilikuwa mbali na nyumba, kwamba lami ndo iliisogelea, ili nyekundu igeuke kijani. Nimekosea?

Nauli Kamili
Hujakosea mkuu. Lakini nina hoja, naomba msinikatishe. Huyo mzee anasema nyumba ilijengwa miaka ya sabini kwenye Operesheni Vijiji. Serikali yenyewe ndo iliwatoa watu porini ikawapanga barabarani wapate shule na zahanati. Sasa mtu uliyempanga mwenyewe unakujaje kumpiga nyekundu? Na mzee anasema barabara ile ya zamani ilipita nyuma ya nyumba, upande wa bondeni, lami ilipokuja wakanyoosha kona ikapita mbele. Saivi ukipima kutoka katikati ya lami ni kama mita 20. Mtu akishuhudia hilo kesi si imeisha?

Mwalimu wa Zamu
Hoja ya vijiji ina uzito wa historia. Ukisafiri nchi hii utaona kijiji kimejipanga mstari mmoja mrefu kama abiria wanaosubiri basi, ile haikuwa bahati mbaya, watu walipangwa. Na nikuongezee, Kondoa watu wamehamishwa kwa sababu nyingi. 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye maeneo yaliyoliwa na mmomonyoko, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ule, HADO, babu yangu mzaa mama aliondoka na ng'ombe akarudi na fimbo.

Konda Mstaafu
HADO nawakumbuka, makorongo yale ungeshusha basi zima lisionekane. Kuna siku tumekwama karibu na Bereko, baridi ya kule mnaijua, dereva wetu alikuwa Mgogo hajazoea...

Sevea Msaidizi
Mzee Konda subiri kidogo. Mleta mada, kunyoosha kona ni kweli, kwenye ile milima ya kati ya Kondoa na Bereko zilinyooshwa nyingi. Ila umesema lami imepita mbele ya nyumba mita 20. Kama nyumba ilikuwepo na lami ikaletwa mbele yake, yule alitakiwa athaminiwe kabla katapila halijashuka. Muulize mzee swali moja: alithaminiwa au hakuthaminiwa? Kama alithaminiwa akalipwa, basi anakuuzia kitu alichokwisha kulipwa. Kama hakuthaminiwa, wataalamu waliona barabara ya zamani ilikuwa palepale. Na fidia hata ikija kesho ni ya aliyekuwepo siku ya tathmini, wewe uliyenunua juzi ukijua kuna X utasimama wapi?

Bi Mkubwa wa Makole
Na hiyo ni ardhi ya kijiji mwanangu. Halmashauri ya kijiji imekaa? Kuna muhtasari? Au ni mzee na mwenyekiti na soda mbili?

Nauli Kamili
Mwenyekiti anajua.

Bi Mkubwa wa Makole
Sijauliza kama anajua.

Kichwa Ngumu
Mi naona tunamtisha bure. Barabara imeshajengwa, imeisha, nani atakuja kubomoa saivi? Nyumba za X nyekundu zimejaa nchi nzima watu wanaoa na kuozesha humo. Fungua hoteli, miaka mitano umerudisha hela yako, wakija wakute umeshahama.

Nauli Kamili
Asante Kichwa Ngumu, angalau mmoja kanielewa. Na mi ndo nilivyopiga hesabu.

Bi Mkubwa wa Makole
Kumbe hesabu umeshapiga. Umelipa kiasi gani?

Nauli Kamili
Sijalipa yote.

Chapa Lapa
😂😂😂 "Sijalipa yote"

Nauli Kamili
Nimetoa nusu kama advansi, nusu natoa wikiendi hii. Na kabla hamjaanza, huyo mzee ni kaka mkubwa wa mke wangu, ni shemeji yangu, siyo tapeli. Ana mgonjwa anahitaji hela. Nikirudi nyuma nyumbani hapakaliki. Wife kashachagua mpaka rangi ya mapazia. Kwa hiyo naomba tujikite kwenye swali, barabara ilipita wapi.

Bi Mkubwa wa Makole
Biashara na wakwe inaanza na shikamoo inaishia baraza la ardhi. Mimi nina eneo Chamwino nilinunua kwa mdogo wa marehemu mume wangu, mpaka leo hatusalimiani, msibani tunakaa jamvi tofauti. Kama ana mgonjwa mchangie mgonjwa. Usinunue nyumba kwa huruma.

Mrangi Asilia
Nimesoma uzi wote kimya kimya. Mimi kwetu ni huko. Hii ni CHAI, tena ya rangi, haina hata tangawizi. Rudini mpandishe mpaka juu msome tena. Anasema alipanda basi Dodoma, akashuka Kolo, jioni "akasogea mbele" Kondoa mjini kulala. Kutoka Dodoma unapita Haneti, Kelema, Chemba, unafika KONDOA, ndo baadaye unaenda Kolo, halafu Bereko, unashuka Bonga, Babati. Kolo iko mbele ya Kondoa ukiwa unaenda Arusha. Alisogea mbele vipi? Alipitiliza dunia ikazunguka? Huyu hajawahi kukanyaga Kolo. Kaangalia picha za UNESCO akatunga shemeji.

Kichwa Ngumu
Aisee 😳

Chapa Lapa
Konda Mstaafu njoo uthibitishe vituo.

Konda Mstaafu
Kijana yuko sahihi, Kondoa kwanza. Mimi nilikuwa namalizia hadithi ya Bereko sikuona hilo.

Mwalimu wa Zamu
Mleta mada, nimeandika mpaka habari za farasi wa 1916 kwa ajili yako. Tafadhali jibu.

Kichwa Ngumu
Atakuwa mwandishi anatafuta stori. Au dalali anapima upepo.

Nauli Kamili
Wakuu punguzeni jazba. Nyumba ipo, X ipo, shemeji yupo, advansi imetoka kweli, wallahi. Nilibadilisha jina la kijiji tu. Shemeji ana vijana wake wanaingia humu, ningeandika penyewe wangejua ndani ya saa moja. Kolo niliitaja kwa sababu inajulikana. Eneo lenyewe liko upande wa huku kabla ya Kondoa, wilaya ya Chemba, siwezi kusema zaidi.

Mrangi Asilia
Kwa hiyo watalii waliokuja kuona michoro Kolo watakuja kulala kwako Chemba?

Nauli Kamili
Hoteli ni ya madereva wa malori. Watalii niliongezea.

Sevea Msaidizi
Yaani mi nimekaa hapa nakufikiria zile kona za milimani kumbe uko tambarare. Sasa ile stori ya barabara kupita bondeni nyuma ya nyumba, na kona kunyooshwa, hiyo ni ya Kolo au ya Chemba?

Nauli Kamili
Ni maneno ya shemeji mwenyewe.

Sevea Msaidizi
Eneo lina bonde?

Nauli Kamili
Kuna kamfereji.

Chapa Lapa
Mimi ndo shemeji. Nusu iliyobaki tuma kwenye namba ileile, jina litatokea lingine usiogope.

Kichwa Ngumu
Shemeji halisi ni mimi, huyo juu tapeli. Mapazia ya bluu nimeyakataa.

Sevea Msaidizi
Cheka cheka tuache. Bro, kabla ya Jumamosi fanya hivi: nenda ofisi ya meneja wa TANROADS mkoa, omba wakuonyeshe mpaka wa hifadhi kwenye hicho kijiji, chukua na picha ya hiyo X bila chokaa. Kuuliza ni bure. Ramani za mradi wanazo, watakuambia barabara ya vumbi ilikuwa upande gani kuliko sisi wa humu tunaokumbuka kuku na baridi.

Konda Mstaafu
Kuku walikuwa watamu lakini.

Nauli Kamili
Nikienda ofisini si nitawakumbusha kwamba ile nyumba bado ipo?

Bi Mkubwa wa Makole
Haya. Umeshajijibu mwenyewe mwanangu, na mimi nikalale.

Nauli Kamili
Nimewaelewa wakuu, nitaongea na wife leo usiku nione nafanyaje na hiyo nusu. Swali la mwisho tu, kwa barabara za ndani zile za TARURA hifadhi ni mita ngapi? Shemeji ana eneo lingine nyuma kidogo anasema anaweza kunibadilishia.

Mrangi Asilia
Mods fungeni uzi.