Naomba maana sahihi za jometri kwa wanagenzi wa bati, Kamukunji

Mwanabati_KMK
Hamjambo wadau. Nawaandalia wanagenzi sita masomo ya jometri ya msingi, nusu saa kila asubuhi kabla nyundo hazijaanza. Hesabu ya shule waliisoma kwa Kiingereza, lakini kazini tunasema Kiswahili, na maneno yanagongana. Mmoja akisema "raundi ya 30", mwenzake anafungua bikari sentimita 30. Naomba maana ambazo mtu anaweza kuzipima kwa rula na kuziona. Tunatengeneza masanduku, ndoo na faneli. Nianze na maneno yapi, na ni yapi yanayoharibu bati zaidi?

Rula_na_Bikari
Anza na duara, maana hasara kubwa iko hapo. Duara ni mstari uliojipinda ambao kila nukta yake iko umbali sawa kutoka nukta moja ya katikati. Nukta hiyo ni kitovu (mafundi wengi husema senta). Umbali kutoka kitovu hadi kwenye mstari ni nusu kipenyo. Kipenyo ni mstari mnyoofu kutoka upande mmoja hadi wa pili, *ukipita kitovuni*. Usipopita kitovuni si kipenyo, hata ukiwa mrefu vipi. Mzingo ni urefu wa kulizunguka duara lote, na kipande chochote cha mzingo ni tao.

Bikari hufunguliwa kwa nusu kipenyo. Ukiifungua sentimita 30 ukitaka kipenyo cha 30, umechora duara la kipenyo cha 60, na bati utakalotumia ni mara nne, si mara mbili: sentimita mraba 2,827 badala ya 707. Kwa hiyo piga marufuku "raundi ya 30". Mtu aseme "kipenyo 30" au "nusu kipenyo 15", basi.

Kwa mwili wa ndoo, mzingo ni kipenyo mara 3.14. Kipenyo cha 30 kinakupa 94.2. Ongeza bati la mshono: mshono wa kukunja unakula mara tatu ya upana wake, kwa hiyo mshono wa milimita 6 unataka milimita 18. Kata sentimita 96. Kwa bati jembamba unene hauna neno, lakini kwa bamba la milimita 3 chukua kipenyo cha ndani, ongeza unene mara moja, ndipo uzidishe. Ukiusahau, mwili utapungua karibu sentimita moja na kitako hakitaingia.

Hesabu_Mtaani
Nakubaliana naye, ila kwa masanduku kuna neno lingine hatari: mstatili. Watu hulieleza kama "umbo la pande nne, pande zinazotazamana zikiwa sawa". Hiyo ni maana ya msambamba! Msambamba unaweza kulala upande na pande zake zikabaki sawa vilevile. Mstatili ni pembenne yenye pembe nne za nyuzi 90. Mraba ni mstatili ambao pande zake zote nne ni sawa.

Mwanagenzi akipima pande peke yake, hatajua sanduku limelala. Apime ulalo, yaani mstari kutoka kona moja hadi kona inayoitazama. Kitako cha 60 kwa 80 lazima kiwe na ulalo wa 100, zote mbili. Moja ikiwa 101 na nyingine 99, kona haziko skweya, na kifuniko kitakwama.

Pembe_Kali
Hesabu_Mtaani, kwa maana yako mraba nao ni mstatili. Wanagenzi watauliza.

Hesabu_Mtaani
Ndiyo, kila mraba ni mstatili, lakini si kila mstatili ni mraba. Waambie hivyo siku ya kwanza. Na wakifika kwenye eneo, wasichanganye mita mraba na sentimita mraba: mita mraba 1 ni sentimita mraba 10,000, si 100.

Pembe_Kali
Basi niongeze pembe. Pembe ni kiasi cha mgeuko kati ya mistari miwili inayokutana kwenye nukta moja, nayo nukta hiyo huitwa kipeo. Chini ya nyuzi 90 ni pembe kali, 90 kamili ni pembe mraba, kati ya 90 na 180 ni pembe butu, 180 ni pembe nyoofu. Urefu wa mistari haubadilishi pembe. Wanafunzi wengi hudhani mikono mirefu ni pembe kubwa, kwa hiyo chora pembe moja ya nyuzi 40 yenye mikono ya sentimita 5 na nyingine yenye mikono ya 30, halafu waipime wenyewe.

Kwenye kukunja bati, ukisema "kunja nyuzi 60" haieleweki. Bati lililogeuzwa nyuzi 60 kutoka lilipolala linaacha pembe ya ndani ya nyuzi 120, maana mbili hizo hujumlika kuwa 180. Chagueni moja, mimi ningechagua pembe ya ndani kwa kuwa ndiyo inayopimika kazi ikishakwisha.

Mwanabati_KMK
Asanteni sana, hii ya ulalo inaingia kesho. Faneli je? Umbo ni pia (koni), lakini linatoka jembamba kuliko tunavyotaka, au fupi.

Rula_na_Bikari
Mnachanganya kimo na urefu wa mshazari. Kimo cha pia hushuka wima kutoka ncha hadi kitovu cha duara la mdomo. Urefu wa mshazari hufuata bati lenyewe, kutoka ncha hadi ukingo wa mdomo. Bikari hufunguliwa kwa mshazari. Mdomo wa nusu kipenyo 15 na kimo 20 unatoa mshazari 25, kwa sababu 15 mara 15 na 20 mara 20 zikijumlishwa ni 625. Mkifungua 20, tao likibaki lilelile, faneli itakuwa na kimo cha sentimita 13 na kidogo.

Pembe ya kukata kwenye bati ni 360 mara nusu kipenyo, gawanya kwa mshazari: hapa nyuzi 216. Kipimapembe cha kawaida hakifiki huko, kwa hiyo pima nyuzi 144 na uzitoe, kama mtu anavyotoa kipande cha chapati. Tundu la chini likiwa na nusu kipenyo 1.5, chora tao la nusu kipenyo 2.5 kutoka nukta ileile uliyosimamishia bikari.

Mwanabati_KMK
Na bati la mshono, naongeza nyuzi kadhaa juu ya 216?

Rula_na_Bikari
Hapana. Ukiongeza nyuzi, utepe unakuwa mpana mdomoni na mwembamba nchani, na mshono hautajifunga chini. Chora mstari *sambamba* na ukingo, yaani umbali uleule kutoka mwanzo hadi mwisho: milimita 6 upande mmoja, 12 upande wa pili.