Ubao wa ukutani wa kupangia mambo ya familia kwa gharama nafuu: naomba ushauri

Mkazi wa Pasua

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi Pasua, hapa Moshi, katika nyumba ya kupanga, pamoja na mume wangu, watoto watatu, mama mkwe na binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Kila siku ya shule asubuhi kuna kitu kinachotafutwa: funguo, barua ya mwalimu inayotakiwa kurudishwa ikiwa na saini ya mzazi, kadi ya kliniki ya mtoto mdogo, au karatasi yenye tokeni za LUKU. Ningependa tutenge sehemu moja ukutani itakayobeba ratiba ya wiki, barua, funguo na mabegi, ili kila mmoja ajue pa kuangalia kabla hajaniuliza mimi. Uwezo wangu ni shilingi 60,000. Ukuta wetu ni wa tofali za saruji zilizopigwa plasta na kupakwa rangi ya maji, na nikibandika kitu kwa gundi, rangi inabanduka nacho. Mwenye nyumba naye hataki ukuta utobolewe ovyo. Nianzie wapi?

Seremala wa Majengo

Dada yangu, rangi inayobanduka pamoja na gundi mara nyingi ilipakwa juu ya chokaa au vumbi, na msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, unyevu huilegeza zaidi. Kwa sababu hiyo usibandike kitu ukutani moja kwa moja. Tengeneza ubao mmoja utakaobeba kila kitu, na ubao huo ndio utundikwe kwa matundu mawili tu, ambayo siku ya kuhama utayaziba kwa saruji nyeupe na kuyapaka rangi. Mwonyeshe mwenye nyumba mpango huo mapema. Ni vigumu kwake kukataa matundu mawili yanayozibika.

Plaiwudi ya milimita 12 inafaa. Karatasi nzima ni futi 8 kwa 4, nawe unahitaji robo yake tu, yaani futi 4 kwa 2, hivyo pita kwenye karakana za useremala uulize mabaki kabla hujaenda dukani. Piga msasa vizuri, hasa kwenye kingo, kwa sababu watoto watakuwa wakipitisha mikono hapo kila siku. Upande wa nyuma pigilia vipande viwili vyembamba vya mbao, ili hewa ipite kati ya ubao na ukuta. Plaiwudi iliyogandamana na ukuta wenye unyevu huvimba na kuachana matabaka. Nusu ya juu ipake rangi nyeusi isiyong'aa, uandike kwa chaki, na chini yake ufunge kulabu za funguo.

Katika kutundika, usikubali fundi atumie misumari ya zege, kwani hupasua plasta. Atoboe kwa drili ya kugonga, aweke plagi ya plastiki, kisha skrubu iliyo ndefu kiasi cha kupita plasta na kuingia walau sentimita tatu ndani ya tofali, kwa sababu plasta peke yake haishikilii uzito. Asitoboe juu wala chini ya swichi au soketi, maana nyaya kwa kawaida hupita wima humo ndani. Mabegi ya shule usiyatundike kabisa: yakijaa madaftari ni mazito mno. Weka kreti la plastiki chini ya ubao, yakae humo.

Mama wa Rau

Ninaafiki ya seremala, ila kwa maoni yangu kazi kubwa iko kwenye karatasi. Mpelekee fundi cherehani mabaki ya vitenge akushonee mifuko, mmoja kwa kila mtoto, kila mmoja kwa rangi yake. Mfuko uwe na upana wa sentimita 25 na kina kisichozidi 20, kwa kuwa karatasi ya A4 ina urefu wa karibu sentimita 30, na ile sehemu inayochungulia juu ndiyo itakayowakumbusha kwamba kuna barua haijasainiwa. Mfuko mrefu unaomeza karatasi yote ni kaburi la barua. Rangi hizo hizo zitumike kwenye ratiba, ili hata asiyesoma kwa urahisi ajue jambo hili ni la nani.

Mifuko ya watoto ikae usawa wa bega la mdogo anayesoma shule. Ratiba iwe ya wiki, iandikwe upya Jumapili jioni watoto wakiwepo: siku ya michezo, mafundisho ya Kipaimara, zamu ya vyombo, dawa za bibi. Ratiba ya mwezi mzima hujaa maandishi hadi hakuna anayeisoma.

Msomaji wa Njoro

Mama, kadi ya kliniki, vyeti vya kuzaliwa na kadi za bima visitundikwe mahali wageni wanapopita. Vihifadhi sandukuni, ukutani uandike tarehe ya kliniki ijayo peke yake. Tokeni za LUKU hazina hatari, kwani zile tarakimu 20 hukubaliwa na mita yenu pekee, tena mara moja tu. La muhimu zaidi ni kuandika namba ya mita ubaoni, ili yeyote aliyepo nyumbani aweze kununua umeme kwa simu.

Mkazi wa Pasua

Asanteni sana, nyote. Namba ya mita nitaiandika leo. Swali moja limebaki: nina ukuta wa nje ulio karibu na mlango wa jikoni, na ukuta wa ndani unaotenganisha sebule na chumba cha watoto. Upi unafaa?

Seremala wa Majengo

Chagua wa ndani, dada. Ukuta wa nje hupigwa na mvua, na huo wa kwako utapata pia mvuke wa jikoni, na chaki haiandiki vizuri kwenye ubao wenye unyevu. Isitoshe, watoto wakitoka chumbani watapita mbele ya ubao kabla hawajafika mlangoni. Pima tu kwamba mlango wa chumba ukifunguliwa haugongi kreti.