Naombeni ushauri: nataka kuifanya Noah iwe ofisi, nipangeje ndani?

Mama Doto wa Mabatini
Mwangaluka wakuu. Kazi yangu ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa kwenye vikao na kuziandika, mafaili napokea kwa intaneti na lazima niyarudishe kwa muda. Nyumbani imeshindikana, tumepanga Mabatini hapa Mwanza, ukuta mmoja na mashine ya kusaga, afu jioni jirani anafungulia spika mpaka vyombo kabatini vinatetemeka. Kukodi fremu mjini hela sina. Sa kuna Noah imekaa tu nje, nimeanza kufanyia kazi humo na kwa kweli ukifunga vioo unasikia mpaka mtu akivuta pumzi kwenye rekodi. Siku nyingine naisogeza karibu na kivuko upate upepo wa ziwa. Shida ni joto, mgongo, chaji, na vile vidudu vya ziwani vikitoka vinajaa mpaka kwenye kibodi. Nataka niweze kukaa humo hata nusu siku. Nisaidieni, kuna kazi kubwa nimeshaikubali na usingizi sina.

Kijana wa Igoma
Pole dada. Mi nililala kwenye Probox kule Sirari nasubiri mzigo utoke, siti ya mbele nimeilaza, asubuhi shingo haigeuki. Yule dereva mwenzangu yeye alikuwa na godoro la mtoto kalikunja nyuma, akanunua na chapati, akawa anakula ananiangalia tu. Tangu siku hiyo sisafiri bila mto.

Fundi Waya Nyakato
Tuanze na umeme. Kama laptopu yako inakubali kuchajiwa kwa USB-C, achana na inveta, nunua chaja ya gari ya wati 65 inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti. Inveta inapandisha umeme mpaka 230, chaja yako inaushusha tena, njiani unapotea bure. Laptopu ya wati 60 kwenye volti 12 inakula ampia 5, saa nne ni ampia-saa 20, na betri za Noah nyingi zinabeba ampia-saa kati ya 45 na 60 tu. Betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kunyonywa polepole hivyo, ukiishusha nusu kila siku sahani zinakufa mapema. Na Noah nyingi ni otomatiki, betri ikiisha hata wakikusukuma haiwaki. Tafuta betri ya sola ya pembeni, unaichaji nyumbani usiku.
Jingine, usiwashe injini kwa ajili ya AC ukiwa umeegesha sehemu iliyofungwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, mtu anafikiri anasinzia kumbe ndo anakufa.

Mama Doto wa Mabatini
Asante fundi, ila inveta ya wati 1000 nimeshanunua, na siioni kama ni hasara, nitachomeka na feni.

Fundi Waya Nyakato
Isichomekwe kwenye kiberiti dada. Fyuzi ya pale mara nyingi ni ya ampia 10 au 15, yaani wati 120 mpaka 180 basi. Ifungwe kwenye hiyo betri ya sola, waya mnene na mfupi, fyuzi iwe karibu na betri.

Mtumishi
Mwanamke mwenye familia kujifungia kwenye gari ufukweni peke yako sio picha nzuri. Watu wanaona, watasema. Zungumza na mume wako mtafute nyumba nyingine.

Bi Mkubwa Bwiru
Mwache atafute riziki. Mdogo wangu, mchana usielekeze kioo cha mbele ziwani. Ziwa kwetu liko magharibi, jua lote la alasiri litaingia na skrini hutaiona. Geuza gari, weka kadibodi yenye karatasi ya kung'aa kwenye kioo cha mbele, kaa siti za katikati sio kwenye usukani. Vidudu mi nilivimaliza hivi: nilikata chandarua cha zamani kikubwa kuliko dirisha, nikashusha kioo, nikakibana kwenye bati la mlango kwa sumaku zilizotoka kwenye spika mbovu. Unabandika na kubandua upendavyo, upepo unaingia, vidudu vinabaki nje.

Sato wa Kirumba
Mleta uzi, "kuna Noah imekaa tu nje." Ya nani?

Mama Doto wa Mabatini
Bi Mkubwa ubarikiwe, chandarua ninacho. Je meza iwe na upana gani?

Sato wa Kirumba
Nimeuliza gari la nani.

Mama Doto wa Mabatini
Ni la shemeji, kaka wa mume wangu, yuko Dodoma kikazi. Alituachia tumuuzie. Mteja hajapatikana na gari likikaa bila kutembea linaharibika, mimi ndo nalisafisha na kuliwasha. Siti za katikati nimezitoa kweli, zipo chumbani zimefunikwa shuka, hata vumbi hazina. Sioni nimemkosea nini.

Mtumishi
Nilijua tu kuna kitu.

Mkweli Daima
Jamani hii ni chai. Anasema anaegesha karibu na kivuko, kivuko gani? Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025, magari yanapita juu. Huyu hayuko Mwanza, anatunga.

Kijana wa Igoma
Hata mi nilishtuka, siti za Noah mwanamke peke yake anazitoaje?

Sato wa Kirumba
Kivuko cha Kamanga hukijui? Kiko hapa hapa mjini. Mkweli umekaa wapi wewe?

Mama Doto wa Mabatini
Ni Kamanga ndiyo. Na siti zinashikwa na boliti tu, nilifungua kwa spana ya soketi na bomba la kuongezea nguvu, kijana wa mashine akanisaidia kuzibeba. Ningetaka kutunga ningetunga ninazo hela za ofisi. Meza ndo nimeanza kuifunga, nimetoboa matundu mawili sakafuni, bado mawili.

Fundi Waya Nyakato
SIMAMA HAPO HAPO. Chini ya sakafu hiyo yanapita mabomba ya breki, ya mafuta na nyaya, drili haichagui. Ingia uvunguni uangalie hayo mawili yametokea wapi, kama kuna kilichoguswa gari lisitembee. Kama pako salama yapake rangi ya kuzuia kutu na uyazibe. Meza ifunge kwenye matundu ya boliti za siti ulizotoa, tayari yana nyuzi na yanabeba uzito wa watu. Chukua boliti moja nenda nayo dukani upate zinazolingana, usikisie kwa macho, ukilazimisha isiyoendana nyuzi zinaliwa na siti hairudi tena.

Bi Mkubwa Bwiru
Na shemeji yako umpigie leo, matundu asije akaonyeshwa na mteja.

Mama Doto wa Mabatini
Nimetoka uvunguni, yametokea pembeni, bomba liko mbali kama kiganja. Shemeji nampigia jioni akitoka kazini. Siti nitarudisha siku mteja akija, ila kazi niliyoikubali naimalizia humo humo.

Kijana wa Igoma
Hiyo Noah mnauza bei gani?