Mtoto anataka biskuti, soseji na tambi za pakiti kila siku, madhara yake ni yapi?

MamaK_Igoma:
Habari zenu wapendwa. Mwanangu yuko darasa la tatu, shuleni ni biskuti na juisi ya unga, jioni anataka tambi za pakiti au soseji, ugali na dagaa anagusa tu anaacha. Baba yake anasema mwache mradi anashiba. Mi roho hainipi kabisa, hivi vina madhara kweli au maneno ya watu?

Ngosha wa Kirumba:
Dada sio maneno ya watu. Kule Marekani 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwaweka watu 20 sehemu moja, wiki mbili wanakula vya viwandani wiki mbili vya kawaida, na sukari, chumvi, mafuta waliviweka sawa pande zote mbili, kila mtu anakula mpaka atosheke mwenyewe. Kwenye vya viwandani wakawa wanaongeza kalori kama 500 kwa siku na uzito ukapanda karibu kilo nzima, kwenye vya kawaida ukashuka. Halafu walikuwa wanakula fasta, maana vile vitu ni laini vinateremka kabla tumbo halijasema basi. Kwahiyo hiyo hoja ya baba yake ya kushiba ndo penye shida hapo.

Mdau_Nyegezi:
Ila tusichanganye, kukausha sio shida, dagaa wa mwaloni si wanakaushwa na ni chakula safi tu. Geuza pakiti usome, ukikuta rangi, ladha ya kutengenezwa na majina ambayo jikoni kwako hayapo, ndo hivyo vyenyewe. Soseji mi ningeanza nazo, 2015 shirika la saratani la WHO liliziweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya utumbo mpana. Sio kwamba akila moja anaugua, ni ile kila siku miaka na miaka.

Bibi Kharumwa:
Mwanangu usimnyang'anye vyote kwa mpigo atakususia. Anza na cha shule, mfungie matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga au kiazi na yai, maji kwenye chupa. Dagaa wakaange na nyanya na kitunguu wakauke vizuri wawe wanalia mdomoni, hao watoto wanawapenda.

MamaK_Igoma:
Asanteni sana, shikamoo bibi. Nimegeuza pakiti la juisi hapa, sukari ndo ya kwanza, rangi, ladha ya embe, embe lenyewe silioni popote. Matobolwa sokoni yapo saizi au niagize Misungwi?

Ngosha wa Kirumba:
Yapo, ila chagua yaliyokauka vizuri, yenye ukungu achana nayo.